Basi hupita, baiskeli husimama

Hotuba ya mama mmoja kwa waendesha baiskeli, Moshi, jioni ya kuamkia safari ya kwenda Tanga kuwachangia watoto wenye kisukari

Ndugu zangu waendesha baiskeli, madaktari na wauguzi wa kliniki yetu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mlioketi hapa mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wazazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kwa hiyo nitaanza na sketi.

Miaka mitano iliyopita binti yangu alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu. Sketi ya shule nilimshonea mwenyewe mwezi Januari. Machi akaniambia, "Mama, sketi inanivuka." Nikaipunguza kiuno sentimita mbili. Hazijapita wiki tatu akarudi na maneno yaleyale, nikapunguza nyingine tatu, na nikamkemea kwamba anaichezea nguo akiwa shuleni. Jamani, kazi yangu mimi ni kupima miili ya watu. Futi iko shingoni mwangu kutwa nzima. Mwanangu alikuwa anapungua mikononi mwangu, kwa futi yangu mwenyewe, nami sikuona.

Siku zilezile alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha kitambo, tangu ana miaka mitatu. Ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa ikitutosha watu wanne mpaka jioni ikawa inakauka adhuhuri. Tukasema ni joto la Machi. Akirudi shuleni analala na viatu miguuni. Tukasema masomo yamezidi.

Alipoanza kutapika nikampeleka zahanati. Tulipewa dawa za malaria. Kesho yake nikampeleka kwingine, wakasema ni maambukizi ya mkojo. Siku ya tatu alikuwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu na za haraka, kama mtu aliyepanda kilima akikimbia, na yuko kitandani amelala. Mdomo wake ulikuwa unatoa harufu ya matunda yaliyoiva yakapitiliza. Tukakodi gari mpaka hospitali. Muuguzi aliyempokea aliinama kumnyanyua, akaisikia ile harufu, akasimama hapohapo. Hakuuliza kadi, hakuuliza jina. Alimtoboa kidole.

Ile mashine ndogo ya kupimia sukari kwa kawaida hutoa namba. Siku ile haikutoa namba, ilitoa herufi mbili, H na I. Nikauliza hiyo ni ngapi. Akanijibu, "Mama, imepita mahali mashine inapoishia kuhesabu." Mashine ile huishia 33 na kidogo. Mtoto mwenye afya, kabla hajala, huwa kwenye 4 au 5.

Wale wa mwanzo siwasemi kwa ubaya. Mtoto anatapika, amelegea, yuko kwenye nchi yenye malaria: kila mtu angeanza na malaria. Lakini tone moja la damu, jambo la sekunde chache, lingetosha siku ya kwanza. Ndilo hilo lililonileta mbele yenu.

Kesho mtaulizwa maswali njiani, kwa hiyo nawaomba mlijue jambo lenyewe vizuri. Watu wakisikia kisukari wanamfikiria mtu mzima. Hawa watoto wana kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili, ile tuliyopewa itulinde, inageuka na kuzishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini mpaka zinakwisha. Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu, haiingii mwilini kufanya kazi yake. Figo zinahangaika kuitoa kwa mkojo, na mkojo unaondoka na maji, ndiyo ile ndoo kukauka adhuhuri. Mwili unaona njaa katikati ya shibe, unaanza kujila wenyewe, mafuta yake na nyama yake, ndiyo sketi kuvuka. Mafuta yakiunguzwa namna hiyo yanaiachia damu asidi, ndiyo ile pumzi na ile harufu. Hakuna pipi iliyoleta haya. Hakuna jirani aliyeroga. Wala hakuna mama aliyekosea chakula akiwa na mimba, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu najua wapo kina mama humu ndani wanaoulizwa hivyo na mawifi zao mpaka leo.

Kwetu palikaliwa kikao cha ukoo. Wapo waliotaka apelekwe kwa mganga wa kienyeji, na walisema kwa mapenzi, si kwa ubaya. Mama mkwe wangu ndiye aliyeyamaliza maneno. Alisema, "Dua tutaomba, sindano isikose." Leo nikienda Dar kununua vitambaa, yeye ndiye anayesimamia sindano za mjukuu wake, na saa hazikosei.

Sasa nina hesabu moja. Mwaka 2022 watafiti walichapisha takwimu za kisukari aina ya kwanza dunia nzima. Mtoto wa miaka 10 akigundulika katika nchi tajiri, kwa wastani ana miaka 65 mbele yake. Akigundulika katika nchi maskini kabisa, wastani ni miaka 13. Daktari wetu aliponieleza hayo nilinyamaza nikajumlisha. 10 na 13 ni 23. Mimi nilimzaa binti yangu nikiwa na miaka 23.

Na dawa ipo! Ina zaidi ya miaka mia moja. Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, mvulana aitwaye Leonard Thompson, amebaki mifupa, kilo zake hazifiki 30, alichomwa insulini kutibiwa kisukari kabla ya mtu mwingine yeyote. Sindano ya tarehe 11 haikumsaidia, dawa ilikuwa na uchafu. Mwanakemia James Collip akaingia maabara kuisafisha, na tarehe 23 wakamchoma tena, sukari ikashuka, mtoto akaanza kupata nguvu. Kabla ya hapo tiba ilikuwa kuwanyima watoto chakula ili wafe polepole badala ya haraka. Frederick Banting na wenzake walioigundua dawa hii wakaiuza haki ya ugunduzi ule kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, kwa sababu walitaka iwe ya watu wote. Siku ya kuzaliwa ya Banting, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani tunayoandamana kila mwaka.

Leonard aliishi mpaka 1935. Hesabuni wenyewe: miaka 13. Yaani mtoto anayegundulika leo katika nchi maskini kabisa, pamoja na insulini zote nzuri zilizotengenezwa tangu wakati ule, anategemewa kupata miaka ileile aliyopata mtoto wa kwanza kabisa duniani kuchomwa dawa hii. Tangu nilipoligundua hilo sijaweza kulala nalo.

Hiyo miaka 52 katikati inapotelea wapi? Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka mitano, nimesikiliza kina mama wengi, na mimi naona inapotelea sana sehemu mbili. Ya kwanza ni kabla mtoto hajafika hospitali. Wapo watoto ambao hawakufika kwa yule muuguzi wa tone la damu. Wamezikwa na watu wakasema malaria, au wamesema homa ya ghafla, au wamesema mambo ya kijijini. Hawamo kwenye daftari la kliniki yoyote.

Ya pili ni stripu, vile vipande vyembamba vya kuchomeka kwenye mashine ya sukari na kuwekea tone la damu.

Naomba mnivumilie kwenye stripu, kwa sababu ndiko fedha yenu inakokwenda. Insulini, tunashukuru, watoto wetu wengi wanaipata. Ipo mipango ya kimataifa, Life for a Child na ule wa Changing Diabetes in Children ulioanza 2009 na ambao umefika hapa kwetu, na wapo watu wa Chama cha Kisukari Tanzania ambao wamekuwa wakipigania jambo hili tangu miaka ya themanini. Lakini insulini si panadoli, kwamba unameza mbili asubuhi mbili jioni. Kipimo cha leo si cha kesho. Mtoto amekula wali, amekula ndizi, amecheza rede, amepata mafua, anakaribia mwezini: kila kimoja kinabadilisha. Usipopima unachoma kwa kubahatisha. Ukizidisha unaweza kumuua, ukipunguza anaharibika figo na macho taratibu.

Kupima mara nne kwa siku ni stripu 120 kwa mwezi. Kichupa kimoja kina 50. Viwili havitoshi mwezi. Ikitumika imetumika, hairudiwi, na kichupa kikiingia unyevu zote zimeharibika. Nimekaa na mama mmoja kutoka milimani Upare ambaye alikuwa na stripu sita za mwezi mzima. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya siku mtoto akizidiwa. Mashine alikuwa nayo, alipewa bure, nzuri, inawaka. Ni kama mtu kupewa baiskeli isiyo na mnyororo.

Nitawaeleza usiku mmoja tu. Saa nane, nikashtuka bila sababu, nikapeleka mkono kwa binti yangu. Shuka limelowa jasho. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyo na mpango, anaitaja sare ya mtu ambaye simjui. Nikachukua mashine, nikatoboa kidole, nikasubiri. 2.4. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikamnywesha kidogokidogo akiwa amekaa, nimemwegemeza kifuani. Dakika kumi na tano nzima nikatazama saa ya ukutani. Nikapima tena: 4.6. Akaniangalia akasema, "Mama, mbona umewasha taa?" Stripu mbili. Usiku ule ulikuwa wa stripu mbili, na kama zisingekuwepo ningeweza kudhani mtoto anaota, nikamfunika, nikalala.

Kwa hiyo tumekubaliana na madaktari, na mweka hazina atalisoma hili kwa maandishi: michango yote ya safari hii inanunua stripu na sindano za watoto wa kliniki hii. Mabango hapana, wala chakula cha wageni. Posho ya mtu yeyote hakuna. Kama kitabaki kitu, kuna mitungi. Familia zisizo na friji tunazifundisha kuhifadhi insulini kwenye mtungi wa udongo, chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaomwagiwa maji, pembeni pa nyumba penye kivuli na upepo. Bibi zetu walijua maji ya mtungi yanabaki baridi. Dawa inayotumika haipendi joto la zaidi ya 30, na Same mwezi wa pili mnaijua.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana wapo walioniuliza: kwa nini msikusanye fedha kwa simu, mkaacha kuwasumbua vijana jua lote hilo?

Jibu la kwanza wanalo vijana wenyewe. Huko Marekani, Phil Southerland aligundulika na kisukari akiwa na miezi saba, na madaktari hawakumtegemea afike mbali. Alikua, akapenda baiskeli, akaunda timu ya waendeshaji wenye kisukari aina ya kwanza. Mwaka 2006 wakaingia kwenye mbio za kuvuka Marekani nzima, bahari mpaka bahari, kilomita kama 4,800, na mwaka uliofuata timu yao ya watu wanane ikashinda kundi lake. Timu hiyo baadaye ilikuja Afrika, ikashiriki mbio za Tour du Rwanda, ikaleta vifaa vya kupimia kwa watoto wa Rwanda. Siku hizi timu inaitwa Team Novo Nordisk, waendeshaji wake wote wana kisukari aina ya kwanza, na wameshiriki mbio za Milano–Sanremo huko Italia, karibu kilomita 300 kwa siku moja. Sisi Moshi mpaka Tanga tunazigawa kilomita 350 hivi kwa siku nne. Wanangu hapa mbele, mmesikia? Ni ugonjwa uleule mlio nao.

Jibu la pili ndilo langu. Basi la Tanga linapita Makanya, linapita Hedaru, abiria hajui hata kama amepita. Baiskeli haipiti hivyo. Baiskeli inapata pancha, inataka kivuli, na mwenye baiskeli anataka maji, chungwa, chai ya tangawizi. Atasimama, na akisimama watoto watamzunguka, na wakubwa watauliza, "Mnatoka wapi ninyi?" Hapo ndipo safari yetu inapoanza kazi. Nawaomba, na ndilo ombi langu kubwa kuliko fedha: kila mnaposimama, kila mmoja wenu amwambie angalau mtu mmoja K nne.

Kukojoa. Kiu. Kukonda. Kuchoka.

Mtoto mwenye hizo nne apimwe sukari siku hiyohiyo. Asisubiri kesho, asisubiri siku ya soko. Ni maneno mafupi, hayahitaji daktari. Mwambieni mama anayeuza maji Mwanga, yeye anajua mtoto gani wa kijiji anakuja kuomba maji mara nyingi. Mwambieni mwalimu, yeye ndiye anayeombwa ruhusa ya choo. Mwambieni kijana wa bodaboda pale Mombo, kwa sababu usiku mtoto akizidiwa, yeye ndiye gari la wagonjwa. Mkiona zahanati, ingieni kwa adabu, msalimieni mganga, muulizeni kama mashine ya sukari ipo na kama ina stripu. Msiende kama wakaguzi. Ikiwa hana, andikeni jina la zahanati kwenye daftari la safari, tutajua pa kuanzia tukirudi. Na mkimwona fundi cherehani barazani, tafadhali, mwambieni kuhusu viuno vya sketi. Mimi hakuna aliyeniambia.

Upepo utakuwa mbaya. Hii ni Julai, kusi linavuma, nanyi mnakwenda kusini mashariki, kwa hiyo kutoka hapa mpaka Same litawapiga usoni. Wale wenye Phoenix zenye keria, msijilazimishe kukimbizana na wenye baiskeli nyepesi. Fungeni safu, wa mbele akichoka arudi nyuma. Hakuna mshindi Tanga. Kule Segera tunalala wote, na asiyefika kabla ya giza gari litamfuata.

Vijana wetu wawili wa kliniki wataendesha nanyi mpaka Himo, wameruhusiwa na daktari wao. Kwao kuna utaratibu, na naomba kila mmoja aujue, si muuguzi peke yake. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo sukari yao itashuka wakiwa njiani, na inaweza kuendelea kushuka hata usiku wakiwa wamelala. Watapima kabla ya kupanda. Aliye chini ya 5 anakula kwanza. Mfukoni wana glukosi, na ninyi mnaowafuata nyuma muwe nayo pia. Ukimwona anayumba, anatoka jasho lisilo la kawaida, ananuna bila sababu au hajibu akiitwa, msimamishe, mpe kitu chenye sukari, kisha ndipo umuulize. Msimwonee haya, na wala msimfanye yai. Mmoja wao ameniambia anachotaka ni kufika Himo akiwa na vumbi kama ninyi. Naomba mumwachie vumbi lake.

Wa pili kati yao ni binti yangu. Ana miaka 14. Asubuhi ya leo amepima 6.2, ameiandika mwenyewe kwenye daftari lake, hakunionyesha, nimechungulia.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana hapa kupima na kunywa uji, saa kumi na mbili kamili magurudumu yaanze kuzunguka kabla jua halijapanda. Matairi yajazwe upepo usiku huu. Kila mtu atabeba maji lita mbili, na kofia ngumu hakuna kujadiliana.

Reflekta zenu ziko pale mezani, 38. Nimezishona wiki mbili, na mgongoni mwa kila moja nimetia zile K nne kwa kitambaa cheusi, herufi kubwa, ili hata mwenye gari anayewapita azisome. Nimewakadiria kwa macho tu, sikuwa na vipimo vyenu. Njooni mvae sasa hivi, mmoja mmoja, na anayebanwa au anayepwaya kiunoni aniambie. Cherehani nimekuja nayo, na umeme upo.